Bidhaa inaulizwa nini mpakani? Kuzitenganisha EAC, COMESA, SADC na AfCFTA

Chukua katoni mbili za sabuni zinazofika Namanga siku moja, zote zikitoka Tanzania kwenda Kenya. Ya kwanza imetengenezwa Tanzania. Ya pili imetoka nje ya Afrika, ikashushwa bandari ya Dar es Salaam na kulipiwa ushuru wake wote hapo. Katoni ya kwanza, ikiwa na cheti cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi inayothibitisha ilikotengenezwa, inavuka bila ushuru wa forodha. Ya pili inadaiwa ushuru upya upande wa Kenya, na risiti ya Dar es Salaam haimsaidii mwenye mzigo. Wafanyabiashara wengi hushangaa, na wana haki ya kushangaa. Kenya na Tanzania zimo katika umoja wa forodha tangu Januari 1, 2005, na katika umoja wa forodha uliokamilika, bidhaa iliyokwisha kulipiwa ushuru kwenye mlango wowote haiulizwi tena ilikotoka.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kuelewa utitiri wa miungano ya ukanda huu. Majina yake yamejaa maneno makubwa: jumuiya, soko la pamoja, eneo huru. Njia ya uhakika ya kujua muungano umefika wapi ni kusikiliza ofisa forodha anamuuliza nini mwenye mzigo.

Ngazi na swali la kila ngazi

Vitabu vya uchumi hupanga miungano ya biashara kama ngazi. Chini kabisa ni eneo huru la biashara: wanachama huondoleana ushuru wao kwa wao, lakini kila nchi hubaki na viwango vyake kwa bidhaa za nje. Swali la mpakani hapa ni moja: imetengenezwa wapi? Lisipoulizwa, mwagizaji atapitisha mali yake kwenye nchi yenye ushuru mdogo kuliko zote kisha aisambaze kwa wenzake bure.

Ngazi inayofuata ni umoja wa forodha. Wanachama hukubaliana viwango vya aina moja kwa bidhaa za nje, hivyo kuchagua mlango hakuna faida tena. Swali linageuka: imelipiwa ushuru ilipoingia? Kama jibu ni ndiyo, ipite.

Soko la pamoja huongeza watu, huduma na mitaji. Msafiri ndiye anayeulizwa sasa: una kibali cha kazi, una haki ya kuishi hapa, shahada yako inatambuliwa? Juu ya hapo kuna umoja wa fedha wenye sarafu moja na benki kuu moja, na mwisho shirikisho la kisiasa.

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), uliotiwa saini Arusha Novemba 30, 1999 na kuanza kutumika Julai 7, 2000, uliruka ngazi ya chini. Ulitaja umoja wa forodha kuwa hatua ya kwanza, kisha soko la pamoja, umoja wa fedha na hatimaye shirikisho. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 1, 2010. Ya Umoja wa Fedha ilitiwa saini Kampala Novemba 30, 2013, ikilenga sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo ulipita na lengo likasogezwa hadi 2031. Kuhusu shirikisho, wakuu wa nchi waliamua mwaka 2017 waanze na muungano legevu zaidi, ambao kila nchi hubaki na mamlaka yake kamili.

Ukisoma orodha hiyo haraka utadhani EAC imepanda ngazi nne. Mpakani swali bado ni lile la ngazi ya chini: imetengenezwa wapi? Kwa bidhaa, jumuiya hii inaishi kama eneo huru la biashara lenye viwango vya ushuru vinavyokaribiana. Jambo hilo halifuti mafanikio yake, ila linaeleza karibu kila mgogoro wa kibiashara unaosikika kati ya wanachama.

Kwa nini majirani wanaruhusiwa kupendeleana

Kanuni mama ya biashara ya dunia inasema nafuu unayompa mmoja wape wote. Mkataba wa GATT wa 1947, mkataba wa jumla wa ushuru na biashara, umeiweka katika Ibara ya 1. Ibara ya 24 ya mkataba huohuo inaruhusu maeneo huru na umoja wa forodha kwa sharti kwamba ushuru uondolewe kwa sehemu kubwa ya biashara ya ndani, na nchi za nje zisipandishiwe vizuizi kwa ujumla wake. Nchi zinazoendelea ziliongezewa mlango mwingine mwaka 1979, wenye masharti laini zaidi, na miungano mingi ya Afrika imepitia mlango huo.

Ushuru wa pamoja na matundu yake

Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa EAC ulianza na viwango vitatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, na 25 kwa bidhaa zilizo tayari kwa mlaji. Tangu Julai 1, 2022 kuna kiwango cha nne, asilimia 35, kwa bidhaa zilizokamilika ambazo viwanda vya ukanda huu vinaweza kuzitengeneza. Juu ya hivyo kuna orodha ya bidhaa nyeti. Mchele unatozwa asilimia 75, sukari asilimia 100, mahindi asilimia 50.

Kama viwango hivyo vingetumika sawasawa kila mlangoni, hoja ya kuuliza uasili ingedhoofika sana. Havitumiki sawasawa. Kila mwaka kabla ya bajeti, mawaziri wa fedha hukutana, na kila nchi huomba isitumie kiwango cha pamoja kwa bidhaa kadhaa kwa mwaka mmoja. Yaliyokubaliwa hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya na kuanza Julai 1. Mwaka unaofuata maombi hurudi, mengi yakiwa yaleyale.

Mchele unaonyesha vizuri kinachoharibika. Kiwango cha pamoja ni asilimia 75, lakini Kenya, ambayo inakula mchele mwingi kuliko inaolima, kwa miaka mingi imepata idhini ya kutoza asilimia 35. Tanzania, yenye wakulima wengi wa mpunga, inataka kiwango cha juu kiwalinde. Kila nchi ina sababu nzuri, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana hakuna mkorofi wa kulaumiwa. Matokeo yake ni pengo la asilimia 40 ya thamani ya mzigo kati ya bandari mbili zilizo kwenye pwani moja. Kwa mchele wa dola 400 kwa tani, pengo hilo ni dola 160. Penye pengo kama hilo njia za panya hazikosi wateja, na ofisa wa mpakani hawezi kuacha kuuliza mchele umetoka wapi.

Tundu la pili ni msamaha wa ushuru kwa viwanda. Nchi inaweza kuomba kiwanda fulani kiingize malighafi kwa ushuru mdogo au bila ushuru. Bidhaa inayotokana nayo ikiuzwa nchi nyingine ya jumuiya, inaweza kunyimwa nafuu ya ndani na kutozwa kama iliyotoka nje, kwa sababu mshindani wake upande wa pili alilipia malighafi ileile. Mwenye kiwanda anayepanga kuuza nje ya nchi yake apige hesabu hii kabla ya kuomba msamaha: anachookoa kwenye malighafi anaweza kukipoteza chote mpakani.

Cheti cha uasili: kazi yenyewe

Kanuni za uasili za EAC za mwaka 2015 zinakubali bidhaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni bidhaa iliyopatikana yote ndani ya jumuiya: mazao yaliyovunwa hapa, mifugo iliyozaliwa na kukuzwa hapa, madini yaliyochimbwa hapa, samaki waliovuliwa humu. Ya pili ni bidhaa yenye malighafi za nje ambayo imebadilishwa vya kutosha, na maana ya "vya kutosha" imeandikwa bidhaa kwa bidhaa kwenye jedwali la kanuni. Kwa bidhaa nyingi kipimo ni kwamba malighafi za nje zisizidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani. Nyingine hupimwa kwa kuangalia kama msimbo wa forodha, yaani namba inayotambulisha aina ya bidhaa, umebadilika kutoka ule wa malighafi, nyingine kwa hatua maalumu ya uzalishaji.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kiwanda kinauza kifaa kwa shilingi 10,000 mlangoni pake, na malighafi za nje ndani yake zina thamani ya 7,300. Hiyo ni asilimia 73, kifaa kimeanguka. Mwenye kiwanda ana njia tatu halali: atafute sehemu ya malighafi ndani ya jumuiya, afanye hatua zaidi za uzalishaji mwenyewe, au bei ya kiwandani ipande kwa sababu za kweli za soko. Malighafi iliyotoka nchi nyingine mwanachama, ikiwa na cheti chake, haihesabiwi kuwa ya nje. Kama shilingi 500 katika zile 7,300 zilinunuliwa Uganda badala ya Asia, hesabu inashuka hadi asilimia 68 na kifaa kinapita. Wengi hawajui nafuu hii, au wanaijua lakini hawakuomba cheti kwa muuzaji wa malighafi, na bila karatasi ofisa atahesabu yote kuwa ya nje.

Kuna kazi ambazo hazitoi uasili hata zikirudiwa mara ngapi: kufungasha upya, kubandika lebo, kuchambua, kupanga kwa ukubwa, kuchanganya kwa kawaida, kuunganisha vipande kwa namna nyepesi. Mzigo wa sukari ya nje uliowekwa kwenye vifuko vya kilo moja unabaki kuwa sukari ya nje.

Kwa mfanyabiashara mdogo kuna cheti rahisi cha uasili. Kinatumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha ya zile zinazojulikana kuzalishwa ndani ya jumuiya, na kinatolewa mpakani bila malipo. Mwenye mzigo anatakiwa kujua mambo mawili. Orodha ni sehemu ya sharti: bidhaa isiyokuwemo haifai hata kama thamani yake ni dola 50. Na cheti kinaondoa ushuru wa forodha peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania na Uganda, inabaki pale bidhaa inapostahili kutozwa. Ushuru wa bidhaa kwa vinywaji na sigara unabaki. Cheti cha afya ya mimea kwa mazao kinabaki, na alama ya ubora pia. Malalamiko mengi ya "tumeambiwa hakuna ushuru lakini tumelipishwa" yanatoka hapa: neno ushuru limebeba mambo matatu tofauti, na jumuiya imeondoa moja.

Makosa yanayokwamisha mizigo mara nyingi ni madogo. Msimbo wa forodha kwenye cheti haulingani na ule wa kwenye ankara. Maelezo ya bidhaa ni ya jumla mno, kwa mfano "vifaa vya nyumbani". Cheti kimetolewa baada ya mzigo kuondoka bila kuonyesha hivyo. Uzito wa kwenye cheti na wa kwenye mizani haukubaliani. Wakala mzuri wa forodha hukagua hayo kabla ya lori kuwasha injini, kwa sababu kusahihisha cheti kunahitaji kurudi kwa aliyekitoa, na huko nyuma ni nchi nyingine.

Mshika mbili

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. EAC ina wanachama wanane: Kenya, Uganda na Tanzania tangu mwanzo, Rwanda na Burundi tangu 2007, Sudan Kusini tangu 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu 2022, na Somalia iliyokamilisha uanachama Machi 2024. Kati ya hao, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia wamo pia COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania haimo, ilijitoa mwaka 2000 na kubaki SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Kongo imo zote tatu, na imo pia jumuiya ya uchumi ya Afrika ya Kati.

Kwa maeneo huru ya biashara, kukaa katika mawili ni kero ya makaratasi tu. Kwa umoja wa forodha haiwezekani kimantiki: huwezi kuahidi kundi moja kwamba utatoza sukari asilimia 100 na kuahidi kundi jingine kiwango kingine kwa sukari ileile. Mshika mbili moja humponyoka. COMESA ilizindua umoja wake wa forodha mwaka 2009 lakini haujawahi kutekelezwa kwa ukamilifu, na mgongano huu ni sababu mojawapo. SADC nayo iliishia kwenye eneo huru la biashara, lililoanza 2008, huku ndani yake kukiwa na umoja wa forodha mkongwe kuliko yote duniani: SACU ya mwaka 1910, wenye Afrika Kusini, Botswana, Lesotho, Namibia na Eswatini.

Sababu ya katoni ya pili ya Namanga kudaiwa upya inaonekana hapa. Bidhaa ya Afrika Kusini inaingia Tanzania kwa nafuu ya SADC. Kenya haimo SADC na haijakubali nafuu hiyo. Kama ingeacha kuuliza uasili, Tanzania ingekuwa imeifungulia Afrika Kusini soko la Kenya bila Kenya kuulizwa. Kinyume chake ni hivyohivyo: bidhaa ya Misri inaingia Kenya kwa nafuu ya COMESA, na Tanzania haina sababu ya kuipokea bure.

Kwa mwenye mzigo, kazi ni kuchagua cheti kinachofaa njia yake. Mzigo wa Tanzania kwenda Zambia au Afrika Kusini unatumia cheti cha SADC. Wa Kenya kwenda Zambia unatumia cha COMESA. Wa Kenya au Uganda kwenda Kongo una njia mbili, EAC na COMESA, na vipimo vyake havifanani: COMESA inakubali bidhaa ambayo malighafi zake za nje hazizidi asilimia 60 ya gharama ya malighafi zote, au iliyoongezewa thamani ya angalau asilimia 35. SADC nayo ina kanuni za bidhaa moja moja, na kwa nguo ni kali. Bidhaa moja inaweza kufaulu kwenye cheti kimoja na kuanguka kwenye kingine bila hata skrubu moja kubadilika. Hivyo mwenye kiwanda asiulize tu kama bidhaa yake ina uasili. Aulize ina uasili kwa mkataba upi.

Jaribio la kufungua fundo hili ni Eneo Huru la Utatu la COMESA, EAC na SADC. Mkataba wake ulitiwa saini Sharm el-Sheikh Juni 10, 2015. Ulihitaji nchi 14 kuuridhia, na ilichukua miaka tisa kuzipata: ulianza Julai 25, 2024. Katikati ya safari hiyo mradi mkubwa zaidi ukaupita. Eneo Huru la Biashara Barani Afrika, AfCFTA, lilitiwa saini Kigali Machi 21, 2018, likaanza kisheria Mei 30, 2019, na biashara ikafunguliwa Januari 1, 2021. Nchi hutakiwa kuondoa ushuru kwa asilimia 90 ya aina za bidhaa, ndani ya miaka 5 kwa nchi nyingi na 10 kwa zile zenye maendeleo duni zaidi. Asilimia 7 ni bidhaa nyeti zinazopewa muda mrefu zaidi, na 3 zinaweza kubaki nje kabisa.

Usidhani AfCFTA imefuta jumuiya za kanda. Mkataba wake unasema wazi kwamba makundi yaliyofika mbali zaidi yabaki na nafuu zao za ndani. Kati ya Kenya na Uganda, cheti cha EAC kitaendelea kuwa bora. AfCFTA inafaa pale ambapo hapakuwa na mkataba wowote: Kenya na Ghana, Tanzania na Nigeria. Mzigo wa kwanza wa Kenya kwenda Ghana chini ya mpango wa majaribio wa 2022 ulikuwa wa betri, na kabla ya hapo betri za Kenya hazikuwa na nafuu yoyote huko.

Ushuru ukiondoka, vizuizi vingine hubaki

Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Malori yalipanga foleni mpakani. Siku chache baadaye zuio likageuzwa kuwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 katika kila bilioni. Kiwango hicho kimo katika viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki, na sumukuvu ni hatari ya kweli inayoua watu. Tatizo lilikuwa namna: zuio lilishuka ghafla juu ya nchi nzima, badala ya kupima mzigo kwa mzigo. Vikwazo visivyo vya kiforodha vingi vina sura hii. Ndani yake kuna sababu halali ya afya au usalama, na nje yake kuna utekelezaji unaoumiza mpaka unafanana na ushuru.

Jumuiya ilitunga sheria ya kuondoa vikwazo hivyo mwaka 2017. Utaratibu wake unaanza na kamati ya taifa ya kila nchi, unapanda kwenye mazungumzo ya nchi mbili, kisha Baraza la Mawaziri. Udhaifu wake ni kwamba kila hatua inategemea utayari wa nchi iliyoweka kikwazo.

Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, ndiyo silaha ambayo wafanyabiashara wameitumia kidogo kuliko inavyostahili. Kampuni na mtu binafsi mkaazi wa nchi mwanachama wanaweza kufungua shauri moja kwa moja. Mfano mzuri ni wa kampuni ya sigara ya British American Tobacco Uganda. Mwaka 2017 Uganda ilirekebisha sheria ya ushuru wa bidhaa, na sigara zilizotengenezwa Kenya zikatozwa zaidi ya zile za Uganda. Huo haukuwa ushuru wa forodha kwa jina, lakini ulifanya kazi ileile. Mwaka 2019 mahakama iliamua kwamba unakiuka mkataba: bidhaa ya nchi mwanachama haiwezi kuitwa ya nje kwa ajili ya kodi ya ndani. Anayetaka kuifuata njia hiyo azingatie muda. Mkataba unampa miezi miwili tu tangu kitendo kilipofanyika au alipokijua, na mashauri mengi mazuri yamekufa kwa kuchelewa.

Upande wa watu, mwendo umekuwa wa kasi tofauti. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa kati ya nchi zao; nchi nyingine zinadai hati ya kusafiria. Vibali vya kazi bado vipo kwa viwango tofauti. Ardhi iliachwa chini ya sheria za kila nchi tangu siku itifaki ilipoandikwa, na Tanzania ndiyo iliyolisimamia jambo hilo kwa nguvu zaidi.

Mlango wa nje: Kenya na Umoja wa Ulaya

Umoja wa forodha unatakiwa kuzungumza na dunia kwa sauti moja. EAC ilijadiliana mkataba wa uchumi na Umoja wa Ulaya kwa miaka, lakini masilahi yalikuwa tofauti tangu mwanzo. Wakati huo Kenya peke yake haikuwemo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi. Wengine walikuwa wanaingiza bidhaa Ulaya bila ushuru hata bila mkataba. Kenya isingesaini ingepoteza nafuu, na ilionja hali hiyo kati ya Oktoba na Desemba 2014, maua yake yalipotozwa ushuru Ulaya. Kwa Tanzania, mkataba ulimaanisha kufungua soko lake bila kupata kitu ambacho haikuwa nacho.

Kenya na Rwanda zilisaini mwaka 2016, wengine hawakusaini. Februari 2021 wakuu wa nchi waliruhusu anayetaka aendelee peke yake. Kenya ikatia saini mkataba wake Desemba 18, 2023, na ukaanza Julai 1, 2024. Kwa Kenya uamuzi huo una mantiki kamili. Kwa umoja wa forodha ni tundu jingine: ushuru wa bidhaa za Ulaya utashuka Kenya hatua kwa hatua ndani ya miaka 25, huku ukibaki palepale kwa majirani, na swali la "imetengenezwa wapi" limeongezewa umri.

Faida na nani anazipata

Mpangilio huu wote unabebwa na siasa, na siasa huchoka pale mmoja anapoona anamnufaisha mwenzake. Jumuiya ya kwanza, ya 1967, ililijua hilo. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, hivyo mkataba uliruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi ya muda kwa baadhi ya bidhaa za Kenya, na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ikaagizwa kuwekeza asilimia 38.75 Tanzania, 38.75 Uganda na 22.5 Kenya. Havikutosha. Idi Amin alipindua serikali ya Uganda mwaka 1971, Julius Nyerere akakataa kuketi naye, na mkutano wa wakuu ukakosa kuitishwa. Shirika la pamoja la ndege lilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na 1977 jumuiya ikafa. Kugawana mali na madeni kulimalizika mwaka 1984. Benki ilinusurika na ipo Kampala hadi leo.

Jumuiya ya sasa ilijifunza kwa sehemu. Kati ya 2005 na 2010 bidhaa kadhaa za Kenya zilitozwa ushuru uliopungua mwaka hadi mwaka zilipoingia Uganda na Tanzania, wakati bidhaa za nchi hizo ziliingia Kenya bure. Lakini uamuzi wa juu bado unategemea wakuu wote kukubaliana, kama 1971. Rwanda na Uganda zilikaa karibu miaka mitatu na mpaka wa Gatuna umefungwa, kutoka Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, na hakuna chombo cha jumuiya kilichoweza kuufungua. Vita vya mashariki mwa Kongo vimeonyesha mgongano wa uanachama hata nje ya biashara: EAC ilipeleka kikosi Novemba 2022, Kongo ikakataa kukiongezea muda, kikaondoka Desemba 2023, na SADC ikaleta chake. Ilipofika Februari 2025, jumuiya hizo mbili ziliketi mkutano mmoja Dar es Salaam kutafuta njia.

Kuhusu katoni ya pili ya Namanga, kikwazo cha mwisho ni fedha. Tangu 2014 EAC ina utaratibu wa eneo moja la forodha: mzigo wa Uganda unaoshuka Mombasa hulipiwa kodi kwa mamlaka ya mapato ya Uganda kabla haujaondoka bandarini, kisha unasafiri ukifuatiliwa kwa kifaa cha kielektroniki. Utaratibu huo umefupisha safari sana, lakini umejengwa juu ya kanuni kwamba ushuru ni wa nchi ambako mzigo unaishia. Katoni iliyolipiwa Dar es Salaam ikiliwa Nairobi, fedha ziko Dar es Salaam.

SACU ilimaliza hoja hiyo kwa kuweka mapato ya forodha kwenye chungu kimoja na kuyagawa kwa uwiano wa biashara ya ndani ya kila mwanachama, huku sehemu ya ushuru wa bidhaa ikipendelea nchi maskini zaidi. Umoja wa Ulaya unapeleka ushuru wa forodha kwenye bajeti ya pamoja na kumwachia mkusanyaji asilimia 25 ya makusanyo kufidia gharama zake. EAC haina chungu. Kukiweka kunahitaji nchi zenye bandari zikubali kukusanya kwa niaba ya zisizo na bandari, viwango vya pamoja viache kuombewa idhini kila Julai, na Kongo, Kenya na Tanzania ziamue nafuu za COMESA, SADC na Ulaya zitabebwaje ndani ya umoja mmoja. Hadi hapo, mwenye mzigo abebe cheti.